Namna ya Kusoma Katiba na Utawala wa India kwa Mtihani wa Utumishi wa Umma

Katiba ya India ni miongoni mwa katiba ndefu kuliko zote duniani. Ilipopitishwa tarehe 26 Novemba 1949 ilikuwa na ibara 395, sehemu 22 na majedwali 8. Leo majedwali ni 12 na sehemu ni 25. Ibara nazo zimeongezeka, ingawa namba ya mwisho bado ni 395, kwa kuwa ibara mpya hupachikwa katikati kwa herufi: 21A, 51A, 279A. Mtahiniwa anayeikariri tangu mwanzo hadi mwisho atachoka kabla hajafika kwenye Bunge.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Kila unapokutana na mamlaka yoyote ndani ya Katiba hii, jiulize mambo matatu: nani amepewa, nani anamzuia, na nani anaweza kumnyang'anya. Sehemu kubwa ya maswali ya mtihani huzunguka hapo hapo.

Kwanza, nani anaruhusiwa kufanya mtihani huu? Kwa IAS, yaani huduma ya utawala, na IPS, yaani polisi, lazima uwe raia wa India. Kwa baadhi ya huduma nyingine, tangazo la UPSC, tume inayoendesha mtihani huu, humruhusu pia mtu wa asili ya India aliyehama kutoka nchi kadhaa kwa nia ya kuishi India moja kwa moja, na Kenya, Uganda na Tanzania zimetajwa humo kwa majina. Mtu wa namna hiyo atahitaji cheti cha kustahiki kutoka Serikali ya India. Wewe ambaye hutafanya mtihani lakini unasoma sheria au sayansi ya siasa Dar es Salaam au Nairobi, endelea kusoma, maana hukumu za India zinatajwa sana katika mahakama zetu.

Hatua ya 1: Jua unachopimwa

Mtihani una ngazi tatu. Mchujo una karatasi mbili za kuchagua jibu. Karatasi ya kwanza ina maswali 100 kwa alama 200, na kila jibu lisilo sahihi hukukata theluthi ya alama za swali hilo. Karatasi ya pili, ya uwezo wa kufikiri na hesabu, unatakiwa tu kufikisha asilimia 33. Ukivuka mchujo unaingia mtihani mkuu wa kuandika wenye karatasi tisa, mbili zikiwa za lugha ambazo ni za kufaulu tu. Zile saba zinazohesabiwa zina jumla ya alama 1750. Mwisho ni usaili wa alama 275.

Katiba na siasa zimo katika karatasi ya kwanza ya mchujo, kisha zinatawala karatasi ya pili ya maarifa ya jumla katika mtihani mkuu, pamoja na utawala, haki ya jamii na uhusiano wa kimataifa. Mchujo unakupima kama unajua tofauti ndogo ndogo. Mtihani mkuu unataka hoja. Ukisoma kwa ajili ya mmoja tu, mwingine utakuangusha, kwa hiyo tangu siku ya kwanza weka daftari lenye pande mbili: upande wa kushoto ukweli wa ibara, upande wa kulia mjadala wake.

Hatua ya 2: Soma matini yenyewe kabla ya kitabu cha mtu mwingine

Katiba inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali ya India. Usiisome kwa mfuatano wa namba. Anza na Dibaji, kisha Sehemu ya Tatu (ibara ya 12 hadi 35, Haki za Msingi), Sehemu ya Nne (36 hadi 51, miongozo ya sera za dola), na Sehemu ya Nne A (51A, wajibu wa raia). Baada ya hapo ruka moja kwa moja hadi ibara ya 368, inayoeleza namna ya kuibadilisha Katiba. Ukiielewa ibara hiyo mapema, mengine yote yatakaa mahali pake. Ndipo urudi kwenye Rais, Bunge, mahakama na majimbo. Vitabu vya shule vya NCERT, baraza la taifa la elimu la India, vya darasa la 9 hadi 12 vinafaa kusomwa sambamba, kwa sababu lugha yake ni nyepesi na watunga maswali wanavijua.

Katika Haki za Msingi, jambo la kwanza la kuandika daftarini ni nani anazipata. Ibara za 15, 16, 19, 29 na 30 ni za raia peke yao. Ibara ya 14 (usawa mbele ya sheria) na ya 21 (uhai na uhuru wa mtu) zinamlinda kila mtu aliye ndani ya India, hata mwanafunzi kutoka Mwanza anayesoma Pune. Mtego huu hutokea mara kwa mara kwenye mchujo. Ibara ya 17 inafuta unyanyapaa wa tabaka, na ibara ya 32 inampa mtu haki ya kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu haki yake inapovunjwa. B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu, aliiita ibara hiyo ya 32 moyo na roho ya Katiba.

Miongozo ya sera za dola ilitoka Ireland. Inaiambia serikali ilenge nini: ujira wa haki, afya, mabaraza ya vijiji. Hata hivyo ibara ya 37 inasema mahakama haiwezi kuilazimisha serikali kuitekeleza. Msomaji wa Tanzania atautambua mpangilio huu, kwa kuwa Katiba ya 1977 ina malengo na misingi ya mwelekeo wa shughuli za serikali, na ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuamua juu yake.

Nchi nyingine ambazo Katiba hii iliazima kwao zikariri upesi: Bunge kutoka Uingereza, Haki za Msingi kutoka Marekani, orodha ya mamlaka ya pamoja kutoka Australia, mamlaka yaliyobaki, yasiyo katika orodha yoyote, kwenda serikali kuu kutoka Kanada. Usisahau Sheria ya Serikali ya India ya 1935, ya wakati wa ukoloni, ambayo ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya mifupa ya utawala, pamoja na cheo cha gavana.

Hatua ya 3: Fuata mvutano wa Bunge na Mahakama, mwaka kwa mwaka

Tumia muda mwingi kuliko kwingine kote hapa. Wanafunzi wengi hukariri majina ya kesi kama orodha, kisha wanachanganya ipi ilitangulia. Kesi hizi ni mazungumzo marefu. Kila hukumu ilijibiwa na marekebisho ya Katiba, na kila marekebisho yakajibiwa na hukumu.

Katiba ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, katika kesi ya Champakam Dorairajan, ilifuta utaratibu wa Madras wa kugawa nafasi za vyuo kwa jamii, na Mahakama Kuu ya Patna ikatengua sheria ya Bihar ya kuwanyang'anya ardhi mabwana wakubwa. Bunge likajibu mwaka huo huo kwa Marekebisho ya Kwanza. Liliongeza ibara ya 15(4) ili jamii zilizoachwa nyuma zipewe nafasi maalumu, na likaunda Jedwali la Tisa, mahali pa kuzihifadhia sheria za ardhi zisiguswe na mahakama. Kesi ya Shankari Prasad ya 1951 ikakubali kwamba Bunge linaweza kubadilisha hata Haki za Msingi.

Mwaka 1967, katika kesi ya Golaknath, majaji 11 waligeuza msimamo kwa kura 6 dhidi ya 5: Bunge haliwezi kupunguza Haki za Msingi. Serikali ya Indira Gandhi ikajibu kwa Marekebisho ya 24 ya mwaka 1971, yaliyosema waziwazi kwamba linaweza.

Ndipo alipokuja Kesavananda Bharati, kiongozi wa nyumba ya kidini ya Kihindu huko Kasaragod, Kerala, aliyepinga sheria za ardhi za jimbo lake. Majaji 13 walisikiliza kesi hiyo kwa siku 68, na tarehe 24 Aprili 1973 wakaamua kwa kura 7 dhidi ya 6: Bunge linaweza kubadilisha ibara yoyote, zikiwamo za Haki za Msingi, lakini haliwezi kuharibu muundo msingi wa Katiba. Katiba yenyewe haina maneno hayo. Majaji waliyatoa katika kuisoma kwa ujumla wake. Mara baada ya hukumu, serikali ilimteua A. N. Ray kuwa Jaji Mkuu na kuwaruka majaji watatu waliomzidi kwa muda kazini, wote wakiwa wamesimama upande wa wengi.

Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilibatilisha ushindi wa ubunge wa Indira Gandhi. Tarehe 25 ya mwezi huo hali ya hatari ikatangazwa, nayo ikadumu hadi Machi 1977. Katika kipindi hicho mambo mawili ni ya lazima kuyajua. La kwanza ni Marekebisho ya 42 ya mwaka 1976, yaliyoongeza maneno ya ujamaa na kutofungamana na dini katika Dibaji, yakaleta wajibu wa raia, na yakajaribu kufunga mlango wa mahakama kuhoji marekebisho ya Katiba. La pili ni kesi ya ADM Jabalpur ya 1976, ambamo majaji wanne kati ya watano walikubali kwamba mtu aliyewekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari hawezi kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Jaji H. R. Khanna alipinga peke yake, na baadaye akarukwa alipostahili kuwa Jaji Mkuu. Mtahiniwa anayesoma mada ya uhuru wa mahakama asimpite mtu huyu.

Baada ya uchaguzi wa 1977, Marekebisho ya 44 ya 1978 yakarudisha mipaka. Sababu ya "vurugu za ndani" katika ibara ya 352 ikabadilishwa kuwa uasi wa silaha, ibara za 20 na 21 zikawekwa nje ya kusimamishwa hata wakati wa hali ya hatari, na haki ya mali ikaondolewa katika Haki za Msingi na kuhamishiwa ibara ya 300A. Mwaka huo huo kesi ya Maneka Gandhi, iliyotokana na pasipoti yake kuchukuliwa, ilisema kwamba utaratibu wa kumnyima mtu uhuru lazima uwe wa haki na wa busara. Mwaka 1980 kesi ya Minerva Mills ikafuta vipengele vya Marekebisho ya 42 vilivyolipa Bunge nguvu zisizo na mipaka.

Mwishoni ongeza mbili. S. R. Bommai ya 1994 iliruhusu mahakama kuchunguza uamuzi wa kuvunja serikali ya jimbo chini ya ibara ya 356. Puttaswamy ya 2017 ilitambua faragha kuwa haki ya msingi na kuitupa rasmi hukumu ya ADM Jabalpur. Aliyeandika maneno ya kuitupa ni Jaji D. Y. Chandrachud, mtoto wa Y. V. Chandrachud, mmoja wa wale majaji wanne wa 1976.

Fundisho la muundo msingi limevuka bahari. Mahakama Kuu ya Kenya ililitumia mwaka 2021 katika kesi ya BBI, mpango wa kuibadilisha Katiba ya Kenya, Mahakama ya Rufani ikaliunga mkono, kisha Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema tarehe 31 Machi 2022 kwamba halitumiki nchini humo. Mkenya aliyeifuatilia kesi hiyo ana faida hapa, kwa kuwa hoja za pande zote mbili ameshazisikia nyumbani.

Hatua ya 4: Chora majedwali ya tofauti kwa Rais na Bunge

Mada hii haina mjadala mwingi kama iliyopita, ila ina mitego mingi. Rais huchaguliwa na wabunge wa kuchaguliwa wa mabaraza yote mawili (Lok Sabha, baraza la chini, na Rajya Sabha, baraza la juu) pamoja na wajumbe wa kuchaguliwa wa mabaraza ya majimbo, Delhi na Puducherry. Wabunge wa kuteuliwa hawapigi kura hapo, lakini wanashiriki katika kumwondoa Rais. Wajumbe wa majimbo ni kinyume: wanamchagua, hawamwondoi. Makamu wa Rais huchaguliwa na wabunge wote wa mabaraza mawili, wa kuteuliwa wakiwamo. Chora jedwali la mistari mitatu na hutachanganya tena.

Fanya vivyo hivyo kwa miswada. Muswada wa fedha huanzia Lok Sabha tu, na Rajya Sabha ina siku 14 za kutoa ushauri. Muswada wa kawaida ukikwama, Rais anaweza kuita kikao cha pamoja, jambo lililotokea mara tatu: 1961, 1978 na 2002. Muswada wa kubadilisha Katiba hauna kikao cha pamoja kabisa. Kila baraza lazima liupitishe peke yake kwa wingi maalumu, na baadhi ya mambo yanahitaji pia kuridhiwa na nusu ya majimbo.

Waziri Mkuu si lazima atoke Lok Sabha: Manmohan Singh aliongoza serikali akiwa mjumbe wa Rajya Sabha. Na waziri asiye mbunge ana miezi sita tu ya kupata kiti.

Hatua ya 5: Shirikisho, lisome kwa kufuata fedha

Jedwali la Saba linagawa mamlaka katika orodha tatu: ya Muungano, ya majimbo, na ya pamoja. Kukariri orodha hizo nzima hakuna faida kubwa. Shika chache zinazoulizwa (polisi, ardhi na afya ya umma ni za majimbo, elimu na misitu zilihamishiwa orodha ya pamoja na Marekebisho ya 42), kisha uende kwenye fedha, ambako shirikisho linaonekana lilivyo.

Tume ya Fedha ya ibara ya 280 huundwa kila baada ya miaka mitano kupendekeza mgawanyo wa kodi. Baraza la GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma, la ibara ya 279A lilitokana na Marekebisho ya 101 ya mwaka 2016, na kodi yenyewe ikaanza tarehe 1 Julai 2017. Tumia hapa lile swali la nani anamzuia nani. Kura ya serikali kuu ina uzito wa theluthi moja, ya majimbo yote kwa pamoja theluthi mbili, na uamuzi unahitaji robo tatu. Kwa hiyo serikali kuu haiwezi kupitisha jambo bila majimbo, na majimbo yote yakiungana hayawezi bila serikali kuu. Hoja hiyo moja ikiandikwa vizuri inabeba jibu zima kuhusu shirikisho la ushirikiano.

Serikali za mitaa zilipata nafasi ya kikatiba kwa Marekebisho ya 73 na 74 ya mwaka 1992. Jedwali la 11 lina mambo 29 ya vijiji, la 12 lina 18 ya miji, na wanawake wametengewa viti visivyopungua theluthi moja. Andika pia udhaifu wake: majimbo ndiyo yanayoamua ni mamlaka gani yashuke, na mengi yamekabidhi kazi bila fedha wala watumishi.

Hatua ya 6: Panga vyombo vya dola katika makundi matatu

Vya kikatiba: Tume ya Uchaguzi (324), Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (148), UPSC yenyewe (315), Tume ya Fedha. Vya kisheria, vilivyoundwa na sheria ya Bunge: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu (1993), Tume Kuu ya Habari (2005), Lokpal, chombo cha kupambana na rushwa (sheria ya 2013). Vilivyoundwa na serikali kwa azimio tu: NITI Aayog, chombo cha kuishauri serikali kuhusu sera, kilichochukua nafasi ya Tume ya Mipango tarehe 1 Januari 2015. Kwa kila kimoja andika anayeteua, muda wa kazi, na namna ya kumwondoa kiongozi wake. Basi.

Hatua ya 7: Utawala bora uusome kupitia Sheria ya Haki ya Kupata Habari

Majibu mengi ya utawala hujaa maneno ya uwazi na uwajibikaji bila mfano hata mmoja. Jikinge kwa kuifahamu sheria hii ya 2005 vizuri. Ilianzia chini: wakulima na vibarua wa Rajasthan, chini ya chama cha MKSS, walidai miaka ya 1990 kuonyeshwa daftari za malipo ya kazi za umma, kisha wakazisoma hadharani ili kila mtu aone jina lake na kiasi kilichoandikwa kwamba amelipwa. Madai hayo yalikua hadi kuwa sheria ya taifa. Ofisi lazima ijibu ndani ya siku 30, au saa 48 jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu. Mfano huu unakupa historia, haki, utaratibu na ukaguzi wa umma kwa pamoja.

Hatua ya 8: Unganisha habari za siku na ibara

Kila habari ya siasa irudishe kwenye ibara yake. Februari 2024 Mahakama ya Juu ilifuta hati za siri za kuchangia vyama: andika 19(1)(a), haki ya mpiga kura kujua. Marekebisho ya 106 ya 2023 yaliwatengea wanawake theluthi ya viti vya Lok Sabha na vya mabaraza ya majimbo: andika kwamba utekelezaji ulifungwa na sensa na ugawaji upya wa majimbo ya uchaguzi. Mstari mmoja au miwili kwa habari unatosha. Usijaze daftari kauli za wanasiasa.

Hatua ya 9: Andika majibu mapema

Karatasi ya maarifa ya jumla ina maswali 20 kwa saa tatu: kumi ya alama 10 kwa maneno 150, na kumi ya alama 15 kwa maneno 250. Ni dakika tisa kwa swali kwa wastani, kufikiri kukiwamo. Usingoje umalize mada zote. Anza kuandika ukimaliza hatua ya tatu, jibu moja kila siku, ukiwa na saa mbele yako.

Chukua swali kama hili: ofisi ya gavana ni chanzo cha mivutano kati ya serikali kuu na majimbo, jadili. Usianze na sifa za shirikisho. Anza na nani amepewa nini: gavana huteuliwa na Rais (155), hukaa kwa ridhaa yake (156), naye anaweza kuzuia muswada au kuupeleka kwa Rais (200) na kutoa taarifa inayoweza kuangusha serikali ya jimbo (356). Kisha anayemzuia: Bommai, iliyotaka wingi wa wabunge upimwe ndani ya ukumbi wa baraza na si katika ikulu ya gavana, na hukumu ya B. P. Singhal ya 2010, iliyokataa gavana aondolewe kwa sababu tu serikali mpya imeingia Delhi. Kisha mapendekezo: Tume ya Sarkaria ilitaka mtu wa nje ya jimbo asiyezama katika siasa za karibuni, na Tume ya Punchhi ikataka muda maalumu wa miaka mitano.

Malizia kwa msimamo wako katika sentensi mbili, ukitaja ibara ambayo ungeibadilisha na kwa nini. Kisha soma jibu lako upya na ukate kila sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kuifungua Katiba ya India.